Kwetu Unakumbukwa Ukiwa na Mimba Tu

Barua ya kwanza niliipokea mwaka 2016, nikaificha chini ya godoro. Nilikuwa nimekaa miaka miwili tu Leicester, Uingereza, na kila bahasha nilijua ni ya kodi ya halmashauri. Hii nikaifungua, ikanitaja majina yangu yote matatu, ikanialika kupimwa saratani ya mlango wa kizazi. Nikakaa kitandani nikiwaza: hawa nani kawaambia naumwa? Kwetu Korogwe hospitali haikuandikii barua. Hospitali unaifuata mwenyewe, tena dawa za duka zikiwa zimeshashindwa.

Ikaja ya kukumbusha, nikailaza pamoja na mwenzake. Mwaka 2019 zikaja nyingine mbili. Aliyenitoa ujinga ni dada mmoja wa Machame niliyekuwa naye zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Mdogo wangu, hizo wanatumiwa wote! Ukishajiandikisha kwa daktari wa mtaani, kompyuta inahesabu umri wako."

Ndivyo ilivyo. Waingereza wana daftari la kuita wanawake tangu 1988. Ukikaribia miaka 25 jina lako linatoka, na litaendelea kutoka mpaka 64, uwe na mume au huna, umezaa au hujazaa. Wakati ule kwa umri wangu ilikuwa kila baada ya miaka mitatu. Tangu Julai 2025 hapa England asiyekutwa na HPV, kirusi kinachosababisha saratani hii, anaitwa baada ya mitano.

Nilienda mwanzoni mwa 2022. Nesi alikuwa mama wa Kihindi wa makamo, mzaliwa wa Kampala, katika familia zile zilizofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972. Kiswahili kilichombakia ni maneno machache ya jikoni na "pole pole", na hilo la mwisho alilitumia vizuri. Aliniuliza kama nataka mtu mwingine awepo chumbani. Nikasema hapana, shahidi mmoja anatosha. Nikavua nguo za chini nyuma ya pazia, nikapanda kitandani, nikajifunika karatasi pana inayochanika ukiigusa tu.

Kifaa chenyewe ni cha plastiki, mfano wa mdomo wa bata, kimepakwa mafuta ya kuteleza. Kinaingia kimefungwa, halafu kinafunguliwa taratibu. Hapo ndipo mtu anapokaza mwili, na ukikaza ndipo panapouma. Akaniambia nikunje ngumi niziweke chini ya kiuno, halafu nikohoe. Nikakohoa, kikapita. Akaingiza brashi ndefu laini, akaizungusha mara kadhaa. Nilisikia mkwaruzo, kama mswaki unapogusa fizi iliyovimba. Brashi akaitumbukiza kwenye kichupa chenye maji, akabandika jina langu, akasema nivae. Sidhani dakika tano zilifika. Miaka sita nimelalia barua kwa ajili ya dakika tano.

Nikuongezee ambayo barua yangu haikuyasema kwa uzito. Usiende ukiwa kwenye siku zako. Beba pedi, matone mawili matatu ya damu baada ya hapo ni kawaida. Kikikuumiza sema, kuna vidogo zaidi, na una haki ya kusema acha katikati ya kazi. Na kipimo hiki ni cha mtu asiye na dalili. Kama unatokwa damu baada ya tendo, au umeshakoma hedhi na damu imerudi, usisubiri barua wala kampeni, nenda kwa daktari wiki hiyo hiyo.

Majibu yalikuja kwa posta: kirusi cha HPV kimeonekana, chembe za mlango wa kizazi hazijabadilika, rudi baada ya mwaka. Hapa wanatafuta kirusi kwanza. Wasipokiona, wamemaliza. Wakikiona, ndipo wanakagua chembe kwenye sampuli ile ile, na zikiwa zimebadilika unaitwa hospitali ukaangaliwe kwa lenzi ya kukuza.

Hiyo barua iliniletea ugeni nyumbani. Mume wangu aliisoma amesimama, akaisoma tena amekaa, akaniuliza kwa sauti ya chini mno, "Hiki kinaambukizwaje?" Nami nilikuwa na swali hilo hilo kwa ajili yake. Tulilala kila mtu kaelekea ukuta wake. Asubuhi nikampigia nesi, nikaweka simu sauti ya juu ili sote tusikie. Akasema karibu kila aliyewahi kukutana kimwili na mtu hukipata wakati fulani, kinaweza kujificha miaka mingi bila kujionyesha, hivyo hakimshitaki mtu yeyote aliye ndani ya nyumba leo. Mara nyingi mwili hukifukuza wenyewe ndani ya miaka miwili. Kikigoma kutoka, hasa aina ya 16 na 18 ambazo ndizo chanzo cha saratani saba kati ya kumi za aina hii, ndipo chembe huanza kuharibika, nayo ni safari ya miaka 15 hadi 20. Kwa mwenye VVU inakuwa fupi zaidi. Mume wangu akavuta kiti, akaomba chai. Mwaka uliofuata kirusi hakikuonekana.

Mpaka hapo ningeandika kama wanavyoandika wengi tulio huku: Ulaya raha, nyumbani shida. Siwezi, kwa sababu Desemba 2023 nilikwenda likizo na nikamsindikiza dada yangu, miaka 41, siku ya upimaji wa bure kwenye kituo cha afya.

Tulikaa kwenye mabenchi chini ya mkungu, wanawake kama thelathini, kila mtu na kanga yake mapajani maana tangazo lilisema njoo na kanga. Nesi akatoka kutueleza wote kwa pamoja kwamba mlango wa kizazi utapakwa siki, kisha uangaliwe. Mama mmoja akauliza hiyo siki haitatuunguza? Nesi akajibu ni ndugu ya siki ya kachumbari, kazi yake kuonyesha tu. Kicheko kilichopigwa pale kiliondoa nusu ya hofu. Huko Leicester nilikaa kwenye chumba cha kusubiri na watu tisa, kila mmoja na simu yake, hakuna aliyejua mwenzake kaja kwa lipi.

Ndani waliniruhusu kumshika mkono. Kifaa kilikuwa cha chuma, kimechovywa maji ya uvuguvugu. Nesi akapaka siki kwa pamba, akasubiri dakika moja kwa saa ya ukutani, akamulika. Penye chembe zilizobadilika panakuwa peupe. Kwa dada pakawa peupe, alama ndogo kama tone la chokaa. Wakamweleza, akakubali, wakamtibu pale pale kwa kifaa cha mkononi kinachounguza sehemu ile kwa joto. Alisema ni kama tumbo la hedhi lililokuja kwa haraka. Saa tano asubuhi tulikuwa stendi tunakula mihogo, kapimwa, kajibiwa, katibiwa. Mimi kwa safari hiyo hiyo Leicester ningesubiri barua, halafu miadi ya hospitali, halafu barua tena. Kwa hiyo ukinisikia naibishana na mtu anayeita siki kipimo cha maskini, ujue naibishana nikiwa na ushahidi. Kwa mwanamke aliyepanda bodaboda kutoka bondeni kwa nauli ya kukopa, jibu la siku hiyo hiyo ni bora kuliko maabara nzuri iliyo mbali.

Ugomvi wangu na nyumbani uko kwingine. Dada alikuwa ameshapimwa mwaka mmoja kabla, kwenye kituo kingine. Weupe ulionekana. Wakati huo mashine ilikuwa ile ya kugandisha kwa baridi, na gesi ilikuwa imekwisha. Akaambiwa rudi wiki ijayo. Akarudi, gesi haijaja. Akarudi tena. Mara ya tatu nauli ikamshinda, akaacha, na hakuna aliyemtafuta. Kompyuta ya Leicester ilimwandikia mtu asiye na tatizo barua nne, na yeye mwenye doa jeupe hakupata hata ujumbe wa simu.

Mama yetu mdogo alizaa watoto saba. Kadi saba za kliniki, alizitunza kwenye mfuko wa nailoni pamoja na vyeti vya ubatizo. Kila mimba alipimwa uzito, damu, mkojo, akadungwa sindano ya pepopunda, na asipotokea mtu alimuulizia. Alipomzaa wa mwisho, akiwa na 39, kliniki ikaagana naye. Damu ilianza akiwa na 52. Akaambiwa ni mabadiliko ya umri, akanywa mizizi, na alipofikishwa Ocean Road, hospitali ya saratani Dar es Salaam, ugonjwa ulikuwa umeshatoka kwenye mlango wa kizazi. Katika zile kadi saba hakuna mstari hata mmoja unaosema mlango huo uliwahi kuangaliwa.

Usiniambie ni umaskini tu. Tangu 2018 Tanzania inawachanja mabinti dhidi ya HPV, na tangu 2024 ni dozi moja kwa wa miaka 9 hadi 14. Mpwa wangu alichanjwa shuleni, darasa zima limepanga foleni. Tunajua kuwafuata watu tukitaka. Mhudumu wa afya wa kijiji chetu anajua nyumba ipi ina mtoto ambaye hajapata chanjo ya surua. Anashindwaje kuwa na daftari la wanawake waliofika thelathini? Shirika la Afya Duniani lilipoweka lengo mwaka 2020 liliomba kidogo: kipimo kizuri kabla ya 35, na kingine kabla ya 45. Mara mbili tu. Na umri haungoji. Mama yangu alikuwa na 63, siku ile ya upimaji alitaka naye aingie, nesi akamwambia siki haimfai tena, kwa sababu baada ya kukoma hedhi sehemu inayotakiwa kuangaliwa hurudi ndani isionekane. Muda wake ulipita akiwa shambani, na hakuna aliyemwita.

Wala barua si dawa ya kila kitu. Karibu theluthi ya wanawake hapa England wamechelewa kipimo, na mwaka 2025 serikali ilitangaza kuwapelekea vifaa vya kujipimia nyumbani. Hao ni ndugu zangu wa godoro.

Mpaka daftari la kijijini lipatikane, daftari la dada ni mimi. Alitakiwa kurudi baada ya mwaka kuangaliwa kama pamepona, nikaandika tarehe kwenye kalenda ya jikoni. Novemba 2024 nikampigia, nikaanza kumhutubia kuhusu kusahau miadi. Akaniacha nimalize.

"Umesema vizuri," akanijibu. "Sasa nikumbushe, lile godoro lenu bado mnalo?"