Nilivyozima Deskitopu Yangu Mwenyewe

Kompyuta yangu ina gigabaiti 4 tu za memori, na nikifungua programu mbili kwa pamoja feni inalia utadhani inataka kupaa. Jioni moja nikapakua kiprogramu kimoja, hakifiki hata megabaiti 1, kazi yake kuzima mapambo ya Windows yanayokula memori bure. Ndani visanduku vya kutia tiki. Na mimi mkono wangu ukishaanza kutia tiki, hauna breki.

Vivuli vya madirisha? Tiki. Picha ya nyuma? Tiki, kwani nimekuja kazini au kwenye maonyesho? Huduma ya kuchapisha, tiki, printa yenyewe sina. Huduma ya sauti nikasita kidogo, nikatia. Chini kabisa nikakuta explorer.exe, imejikalia na megabaiti 80. Nikajua ni kile kivinjari cha zamani chenye ile e ya bluu. Bado upo tu, mzee? Leo ndio mwisho wako. Tiki.

Skrini ikawa nyeusi tii. Ikoni hakuna, kipau cha chini hakuna, saa hakuna. Kilichobaki ni kishale cha mausi, kinapapasa gizani kama mtu aliyekatikiwa umeme akitafuta kiberiti. Kumbe explorer.exe ndiyo iliyobeba deskitopu nzima. Kile kivinjari ni iexplore.exe, ndugu wa jina tu.

Nikajipa moyo: kiprogramu kina kitufe cha kurudisha kila kitu. Na kweli kinacho. Ila chenyewe hukaa kwenye vile vikoni vidogo pembeni ya saa, na saa ndiyo hiyo nimeshaifuta. Nikabofya kulia, kimya. Nikabonyeza kitufe cha Windows, kimya. Nikabonyeza vyote kwa hasira, hata ule mlio wa kukemewa sikuupata.

Mpwa wangu akachungulia mlangoni.

"Mjomba, mbona unaangalia giza?"

"Nimeongeza spidi."

Akaguna. Akabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, likafunguka dirisha la Task Manager. Akaenda kwenye kuanzisha kazi mpya, akaandika explorer.exe, Enter. Kipau kikarudi, ikoni zikarudi moja moja kama watoto waliotoka mafichoni. Sekunde kumi hazikufika.

Angeishia hapo ningemshukuru. Akabofya safu ya memori ili vinavyokula zaidi vipande juu, na kileleni kikakaa kivinjari changu, gigabaiti 2 na ushee.

"Mjomba, una vichupo 37!"

Sita kati ya hivyo vilikuwa makala za jinsi ya kuokoa memori. Nikamwambia asiviguse, bado nasoma.

Ile tiki ya huduma ya sauti nilikuja kuikumbuka siku ya tatu, bisibisi mkononi, spika nimeshaifungua vipande vinne.