Draiva ikikosekana, msikimbilie kupiga window upya

Kuna mtu ameniletea kompyuta ya mezani yenye Windows 7 ambayo ilikwisha tangazwa marehemu. Shida yake ya mwanzo ilikuwa moja tu: haishiki intaneti. Fundi akapiga window upya, haikushika. Ikapigwa tena, safari hii diski nzima ikafomatiwa, picha na hesabu za mwenyewe zikaenda na maji, na intaneti haikushika vilevile. Hukumu ikatoka kwamba madabodi, ubao mkuu wa kompyuta, imeungua. Nimekasirika, na naandika nikiwa bado na hasira, maana mashine ile ni nzima. Kilichokosekana ni draiva ya kadi ya mtandao, yaani programu ndogo inayoifundisha Windows kukitumia kifaa hicho.

Windows 7 ilitoka mwaka 2009, na hata diski ya kusakinishia yenye Service Pack 1, yaani kifurushi cha masasisho, ni ya 2011. Ndani yake mna draiva za vifaa vilivyojulikana wakati huo. Kama kadi yako ya mtandao ilikuja baada ya hapo, hata upige window asubuhi na jioni, diski haitaijua. Tena kupiga upya kunafuta na zile draiva ambazo mtu fulani alizisakinisha akijua anachofanya. Mashine iliyoingia haina mtandao tu, sasa inatoka haina mtandao, haina sauti, na maandishi ya kwenye kioo yamevutika kwa sababu kadi ya picha imerudishwa kwenye draiva ya VGA ya kawaida. Huko ni kuongeza ugonjwa juu ya ugonjwa.

Jibu lilikuwa ndani ya Device Manager, orodha ya vifaa vyote vya kompyuta, muda wote. Bofya kulia kwenye Computer, chagua Manage, ingia humo. Utaona kifaa chenye alama ya mshangao ya njano, pengine kimeandikwa Ethernet Controller, pengine Unknown device. Wengi wanaishia hapo na kukata tamaa, kumbe kifaa kimeshajitaja. Kibofye mara mbili, nenda Details, kisha kwenye Property chagua Hardware Ids. Utakuta mstari kama PCI\VEN_10EC&DEV_8168. Herufi na tarakimu nne zinazofuata VEN ni za mtengenezaji, nne zinazofuata DEV ni za kifaa chenyewe. 10EC ni Realtek, 8086 ni Intel, 14E4 ni Broadcom, 10DE ni NVIDIA. Na hiyo 8168 ni kadi ya waya ya Realtek ambayo imejaa kwenye madabodi za miaka ile. Nakili mstari huo, utafute kwenye kompyuta nyingine, na utajua draiva unayoihitaji bila kubahatisha.

Kabla hujafunga dirisha hilo, rudi General usome Device status. Code 28 maana yake hakuna draiva kabisa. Code 10, draiva ipo lakini kifaa kimegoma kuanza. Code 52, Windows imeikataa saini ya draiva, jambo ambalo utakutana nalo kwenye Windows 7 ya biti 64 iliyopigwa upya, kwa kuwa draiva za baadaye zilisainiwa kwa SHA-2, njia mpya ya kusaini, na Windows hiyo haiielewi mpaka iwekewe sasisho kama KB4474419. Matatizo matatu, dawa tatu tofauti, na yote yameandikwa kwenye kioo. Mtu anayeyajibu yote kwa kufomati diski hajasoma, na anayelipia kutosoma kwake ni mwenye mafaili.

Utaniuliza: draiva ya mtandao nitaipakuaje wakati mtandao wenyewe haupo? Tumia flashi na kompyuta nyingine. Au chomeka simu ya Android kwa waya wa USB, uwashe kushiriki intaneti kwa USB. Mara nyingi Windows 7 inaitambua simu kama kadi ya mtandao kwa draiva iliyokuja nayo. Hakikisha tu unapakua ya biti 32 au 64 kulingana na Windows yako, maana moja haiingii kwenye nyingine. Na zile programu zinazoahidi kukutafutia draiva zote kwa mkupuo, msiziguse: zinaleta matangazo na takataka, na hazifanyi lolote ambalo ule mstari wa Hardware Ids haujakupa.

Kuna mahali ninapokubali kwamba mtu anaweza kuchanganyikiwa kwa haki, nako ni kwenye usakinishaji wenyewe. Unachomeka flashi, Windows 7 inaanza kujisakinisha, halafu kibodi na mausi vinakufa palepale kwenye kuchagua lugha. Au unaambiwa draiva ya CD/DVD inakosekana wakati unatumia flashi, ujumbe unaompotosha mtu kabisa. Chanzo ni USB 3.0. Windows 7 haikuja na draiva yake, na kuanzia prosesa za Intel za kizazi cha sita, mwaka 2015, madabodi nyingi hazina tena kidhibiti cha zamani cha USB 2.0 cha kuliokoa jahazi. Kwenye madabodi za kabla ya hapo, hamisha flashi kwenye tundu la USB 2.0. Kwenye hizi za baadaye, ingiza draiva za USB 3.0 ndani ya flashi ya usakinishaji kwanza, au tafuta kibodi ya PS/2 kama tundu lake lipo. Kwa Windows XP shida kubwa ni skrini ya bluu yenye 0x0000007B: ingia BIOS, yaani mipangilio ya madabodi kabla Windows haijawaka, badilisha namna diski inavyosomwa (SATA) kutoka AHCI kwenda IDE, uendelee.

Draiva ikishaingia na mtandao bado unasumbua, angalia alama iliyo karibu na saa. Msalaba mwekundu ni waya, au kadi haionekani. Pembetatu ya njano ni kwamba kadi inafanya kazi ila haifiki mbali. Fungua dirisha la amri (cmd), andika ipconfig /all. Ukiona anwani inayoanza na 169.254, kompyuta imeomba anwani kwa rauta ikakosa kujibiwa. Ukiona anwani nzuri na amri ya ping 8.8.8.8 inajibu lakini tovuti hazifunguki, chunguza DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani. Ikiwa brauza inalalamika kuhusu vyeti vya usalama kila mahali, itazame tarehe. Betri ya CR2032 ikiisha, saa inarudi nyuma miaka mingi na vyeti vyote vinaonekana batili. Vilevile Internet Explorer 8 iliyokuja na Windows 7 haiwashi yenyewe TLS 1.2, njia ya kuficha mawasiliano na tovuti, kwa hiyo tovuti nyingi za leo zinaifungia mlango hata mtandao ukiwa mzima. Pakua Firefox 115 ESR kwenye kompyuta nyingine uilete kwa flashi.

Najua wapo watakaosema Windows 7 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Januari 2020, itupwe. Kuhusu usalama wana hoja, siwezi kupinga. Mimi mwenyewe singeingia benki kwa mashine hiyo. Lakini kuna vifaa na programu ambazo haziendeshwi na kitu kingine, na kuna watu ambao hiyo ndiyo kompyuta waliyo nayo. Hao wanastahili fundi anayesoma.

Na haraka hii ya kufuta inaniuma zaidi kwa sababu draiva za zamani zenyewe zinatoweka. Mwaka 2019 Intel iliondoa kwenye tovuti yake draiva na BIOS za bidhaa nyingi ilizoacha kuzihudumia. Agosti 2020 Microsoft nayo ikaondoa kwenye Download Center faili za Windows zilizosainiwa kwa SHA-1, ile njia ya zamani ya kusaini. Draiva iliyomo kwenye mashine ya mteja leo inaweza kuwa vigumu kuipata kwingine. Kwa hiyo kama ni lazima kabisa kupiga window, nakili mafaili ya mwenyewe kwanza, halafu nenda C:\Windows\System32\DriverStore, uchukue folda ya FileRepository yote uiweke kwenye flashi. Baada ya kusakinisha, kwenye kila kifaa chenye alama ya njano chagua Update Driver Software, kisha kutafuta ndani ya kompyuta, uielekeze kwenye folda hiyo huku umeweka tiki kwenye Include subfolders. Windows itachagua yenyewe inayofaa.