Nchi Ilitoka, Bima Ikabaki

Jamani, hii kadi ya njano itanitoa roho. Si ya refa, ni ya bima ya gari ukivuka mpaka. Ya refa angalau unajua umemkwatua mtu. Mimi nimejipigia koti langu, naendesha kigari changu kwenda Kenya kwenye posa ya mtoto wa dada. Foleni ya mpakani mnaijua. Wabadilisha fedha wanaokuita bosi huku wanakukamua, nao mnawajua.

Nikafika kwenye kibanda cha bima.

"Shikamoo baba. Kadi ya njano ya COMESA unayo?"

Nikasimama wima kama balozi. "Marahaba. Mwanangu, Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ilijitoa COMESA, lile soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, mwaka 2000, ikabaki SADC, ile jumuiya ya nchi za kusini. Iliaga kwa heshima."

"Nchi ilitoka, baba. Bima haikutoka."

"Ilibaki kufanya nini?"

"Kulipiwa."

Nyuma yangu watu wakaanza kucheka. Nikakaza tai. "Haya, nikitaka kupeleka maharage yangu Misri kwa unafuu wa ushuru wa COMESA?"

"Huo ulitoka."

"Kwa hiyo vya kupokea vilitoka, vya kutoa vikabaki?"

"Baba, ukimgonga mtu Nairobi utamlipa kwa koti hilo?"

Dereva wa lori akapiga honi kwa furaha. Nikatoa hela. Hivi hii si sawa na kumwacha mke ukabaki unamlisha shemeji? Na shemeji mwenyewe ana risiti!

Halafu mtu ataniambia nisilalamike, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilifufuliwa. Ilifufuliwa, ndiyo, mkataba ulisainiwa 1999. Lakini ile ya kwanza, ya 1967, ilipovunjika 1977 nani alizoa vigae? Sisi tukafunga mpaka na Kenya hadi 1983. Ndege za pamoja kwisha, kila mtu na zake. Abiria wa treni ya Moshi kwenda Voi nadhani bado yuko stesheni. Wazee walioitumikia Jumuiya wamedai mafao hadi mikongojo ikachakaa, na wakubwa wanapiga picha wameshikana mikono! Wanaovunja hawapangi foleni, hilo ndilo linaloniudhi. Foleni tunapanga sisi.

Na Ziwa Victoria kulikuwa na meli mbili za kubeba mabehewa, Umoja na Uhuru. Kwenye kugawana, Umoja ikaja Tanzania, Uhuru ikaenda Kenya. Aliyegawa sijui alikuwa anatutania.

Posani nikakuta wameshakula. Shemeji akauliza nimechelewa wapi, nikaanza kumweleza tangu 1967. Nilipofika kwenye mgawanyo wa mabehewa akasema, "Chai ipo kwenye chupa, mzee." Nikatikisa, tupu. Na hizi chupa za siku hizi, hata ukikuta chai, saa moja tu imepoa. Ua kubwa ubavuni, joto hakuna.