Ng'ombe Alikuwa Dirishani

Nimerudi chuoni kutoka BTP, yaani mazoezi ya kufundisha shuleni, nikiwa na kinyongo, na ninaomba wanachuo wenzangu wa ualimu wa elimu ya msingi wanivumilie. Mwenzangu mmoja, tuliyepangwa naye katika shule moja ya Kanda ya Ziwa, aliazima projekta, akaileta kwa bodaboda, akatumia dakika 17 za kipindi cha dakika 30 kuvuta umeme kutoka ofisi ya mwalimu mkuu, kisha akawaonyesha watoto wa Darasa la Kwanza picha ya ng'ombe. Madirisha hayakuwa na mapazia, hivyo jua la saa nne liliifuta picha yote ukutani ikabaki kivuli cha pembe, wakati ng'ombe mzima wa jirani alikuwa amefungwa kwenye mwembe, hatua chache kutoka dirishani. Watoto, kwa busara yao, walimtazama yule wa nje. Mkufunzi aliyekuja kututathmini alimpa alama zote za kipengele cha TEHAMA. Mimi nilipata sifuri kwa maelezo kwamba sikutumia teknolojia yoyote, ingawa simu yangu ilikuwa mezani kipindi kizima, na ilikuwa kazini.

Neno lililokuwa ubaoni katika vipindi vyote viwili lilikuwa hilo hilo, ng'ombe. Sijui ni mtoto gani wa Kisukuma anayehitaji kuonyeshwa ng'ombe, ilhali wengi wao wamechunga kabla ya kushika penseli. Wala kuitamka ng' si shida kwao, maana imo katika majina ya koo zao. Kinachowashinda ni kile kialama kidogo kinachoning'inia baada ya g, ambacho mtoto asipokijua atasoma mwanzo wa ng'ombe kama mwanzo wa ngoma. Projekta haikuwa na msaada wowote hapo, hata kama umeme wa Tanzania nzima ungemiminwa katika chumba kile.

Darasa langu lilikuwa na watoto 112. Ukiwaambia wasome wote kwa pamoja, utapata sauti moja nzuri inayotikisa bati, na kwa wiki mbili za kwanza sauti ile ilinidanganya kwamba mimi ni mwalimu hodari. Baadaye nilianza utaratibu mwingine: wakati wenzao wakiandika zoezi, watoto 15 kwa siku walikuja mezani kwangu mmoja mmoja, wakasoma maneno matano ya kwenye kadi, nami nikawarekodi kwa simu, kila mmoja kwa muda usiozidi dakika moja. Usiku nilivaa spika za masikioni, nikasikiliza polepole nikiwa na daftari. Siku nane zilitosha kulimaliza darasa zima, na nikagundua kwamba watoto 41 hawakuweza kusoma peke yao hata maneno mawili kati ya yale matano.

Miongoni mwao alikuwamo kijana aliyekuwa akiongoza wenzake ubaoni kwa fimbo, mwenye sauti kubwa kuliko wote. Alikuwa amekariri mpangilio wa maneno, basi. Nilipochanganya kadi, aliitazama iliyoandikwa ng'ombe akasoma "mbuzi" bila kutetereka. Nilipomsikilizisha mwalimu wa darasa, mama mwenye miaka mingi kazini, alinyamaza kidogo kisha akasema, "Mwanangu, huyu ndiye ninayemwachia darasa nikienda ofisini." Yeye si mwalimu mbaya hata kidogo. Ana masikio mawili tu, na watoto 112.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaotufundisha kwamba TEHAMA ni kuweka kitu mbele ya macho ya watoto. Katika madarasa ya chini yaliyojaa kama yetu, kazi ya kwanza ya kifaa ni kumletea mwalimu sauti ya mtoto mmoja aliyejificha ndani ya sauti za wengi. Wanaopenda kuutaja mfano wa Tanga, ambako kati ya 2017 na 2019 watoto wapatao 3,000 wa vijijini walijifunza KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) kwa vishikwambi katika mashindano ya programu za kujifunzia ya Global Learning XPRIZE, husahau kusema kwamba programu zile zilikuwa za Kiswahili, na kwamba kila mtoto alishika chake, akakosea peke yake na kurudia peke yake. Kishikwambi kimoja kilichoinuliwa juu mbele ya watoto 112 hakifanani na hilo.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba projekta ina mahali pake. Mtoto asiyewahi kuiona bahari aonyeshwe bahari, na giza litafutwe kwanza. Nakubali pia kwamba sauti ya mtoto si mali ya mwalimu; niliomba ruhusa katika kikao cha wazazi, na rekodi zote nimezifuta. Kuhusu mwalimu mkuu aliyeniuliza mara tatu kwa nini ninaingia na simu darasani, sina ugomvi naye, ila vishikwambi walivyogawiwa walimu baada ya Sensa ya 2022 vinarekodi sauti vilevile, na vya shule ile nilivikuta vimefungiwa kabatini.

Siku ya kuaga, yule kijana wa fimbo alinifuata ofisini na kadi yake mkononi. Tulikuwa tumekaa chini ya mwembe karibu kila mchana, yeye na wenzake 40, tukipanga silabi kwa vizibo vya soda. Alikataa kusoma mpaka nitoe simu mfukoni. Betri ilikuwa imekwisha tangu asubuhi, lakini niliiweka mezani hivyo hivyo, naye akaisogelea, akaweka kidole chini ya kile kialama, akasoma.