Shahada ya heshima katika mikrobiolojia: je, ina faida?

Tunazungumzia shahada ya heshima (honours) ya mikrobiolojia, yaani elimu ya vijidudu, yenye utafiti na tasnifu, si daraja linalotokana na alama za mitihani tu. Australia huchukua mwaka mzima baada ya mitatu ya shahada ya kwanza. Marekani kwa kawaida hufanywa sambamba na masomo ya mwaka mmoja au miwili ya mwisho.

Wanaoitetea wana hoja nzito. Katika mazoezi ya darasani agari (kigandishi cha chakula cha bakteria) huwa imeshamiminwa kwenye sahani na jibu linajulikana. Kwenye utafiti unapima mwenyewe gramu 15 za agari kwa lita, unaitakasa kwenye otoklevu (chombo cha mvuke wenye shinikizo) kwa nyuzijoto 121 kwa dakika 15, kisha unaacha sahani moja bila kupanda bakteria wowote. Kikiota kitu humo, hesabu zote za siku hiyo zinatiliwa shaka. Hapo ndipo unapoelewa kwa nini huhesabiwa sahani zenye koloni (vishada vya bakteria vinavyoonekana kwa macho) 30 hadi 300: chini ya hapo bahati inapotosha hesabu, juu yake koloni zinagandana. Unajifunza pia kwamba mirija mitatu iliyotoka kwenye chupa moja ya bakteria si majaribio matatu, bali ni jaribio moja lililopimwa mara tatu. Wengi hugundua hilo wakati wa kuandika tasnifu, na muda umekwisha.

Kwa anayelenga uzamivu, basi, faida ipo wazi. Kwa anayetaka kupima sampuli hospitalini, sivyo. Kazi hiyo kwa kawaida hudai mafunzo ya kitabibu na leseni, na tasnifu haichukui nafasi yake. Saa zinazotumika maabara jioni na Jumapili (bakteria hawajui wikendi) zinaweza kumshushia alama za masomo mengine, na baadhi ya waajiri huzitazama alama hizo.

Hata hivyo, mradi mbaya huponza zaidi ya uamuzi wenyewe wa kujiunga, na ubaya wake mara nyingi huanzia kwenye kiumbe kilichochaguliwa. E. coli, bakteria wa utumbo, hugawanyika kila dakika 20 hivi katika mazingira mazuri ya nyuzijoto 37. Ukipanda leo, kesho unahesabu. Bakteria wa kifua kikuu huhitaji takriban siku nzima kugawanyika mara moja, na koloni huonekana baada ya wiki 3 hadi 8, tena ndani ya maabara yenye ulinzi mkali. Uchafu ukiingia wiki ya tano, unaanza upya. Muhula wa wiki 15 hauvumilii makosa mawili ya namna hiyo.

Kabla ya kusaini, muulize msimamizi: aina za bakteria ziko tayari kwenye jokofu la nyuzijoto -80? Njia ya kupima imeshafanya kazi hapa, au mimi ndiye nitakayeijaribu kwanza? Nani atanielekeza kila siku? Akisita kwenye swali la pili, omba mradi mwingine.