Magwiji Wanaporudi Ofisini: Funzo la Maldini na Milan

Kati ya mwisho wa Mei na mwanzo wa Juni 2023, katika muda usiofika wiki mbili, klabu tatu kubwa za Ulaya ziliachana na magwiji wao waliokuwa kwenye viti vya juu vya uongozi. Bayern Munich ilimwondoa Oliver Kahn katika nafasi ya mtendaji mkuu siku ileile timu ilipotwaa ubingwa wa Ujerumani. Siku chache baadaye Edwin van der Sar, mtendaji mkuu wa Ajax, akatangaza kuondoka. Na Juni ilipoingia, AC Milan ikamwondoa mkurugenzi wake wa ufundi, Paolo Maldini, aliyeichezea mechi 902 na ambaye mwaka mmoja tu nyuma alikuwa ameshiriki kuirudishia ubingwa wa Italia iliokuwa imeukosa tangu 2011. Wapo waliosema kwamba mchezaji hodari abaki na heshima yake ya uwanjani, na ofisi waachiwe wataalamu wa biashara. Naona hitimisho hilo lilikuwa la haraka mno, na kisa cha Maldini ndicho kinachoeleza sababu.

Maldini hakurukia nafasi. Mwaka 2016, wamiliki wapya kutoka China walipomtaka, alikataa hadharani kwa sababu hakuelezwa bayana mamlaka yake yangeanzia wapi na kuishia wapi, na hakutaka kuwa sura ya kupamba picha za uzinduzi. Alirudi 2018, klabu ilipokuwa mikononi mwa kampuni ya uwekezaji ya Elliott, akafanya kazi mwaka mzima pembeni ya mkurugenzi wa michezo, Leonardo, kabla ya kukabidhiwa idara ya ufundi. Mwaka 2019 alikwenda mwenyewe kuzungumza na Theo Hernández, beki wa kushoto ambaye Real Madrid haikuwa na mpango naye. Kijana anayecheza nafasi hiyo, akiitwa na mtu aliyeitawala kwa miaka mingi, hahitaji kushawishiwa sana. Ushawishi wa namna hiyo haununuliwi, na klabu ambayo wakati ule haikuwa na fedha za kushindana na matajiri wa Uingereza ilikuwa na kila sababu ya kuutumia.

Lakini faida kubwa zaidi ya gwiji, kwa maoni yangu, ni uwezo wake wa kusema hapana bila klabu kuwaka moto. Mkataba wa kipa Gianluigi Donnarumma, aliyelelewa na klabu yenyewe, ulipokaribia kwisha mwaka 2021 na wakala wake akataka mshahara ambao Milan haikuwa tayari kuulipa, Maldini alimwacha aondoke bure kwenda PSG, akamsajili Mike Maignan kutoka Lille. Meneja asiye na historia na klabu angefanya uamuzi huohuo, mashabiki wangemwandama kwa kuitupa almasi yao. Maldini aliaminiwa, na mwaka uliofuata Maignan alikuwa nguzo ya timu iliyotwaa ubingwa.

Wanaopinga nao wana hoja ambazo haziwezi kupuuzwa. Katika dirisha la usajili la kiangazi cha 2022, sehemu kubwa ya bajeti ilikwenda kwa kiungo mshambuliaji Charles De Ketelaere, ambaye alimaliza msimu wake wote Milan bila kufunga bao hata moja. Mtoto wa Maldini, Daniel, alikuwa mchezaji wa klabu wakati baba yake akiongoza idara inayoamua nani anabaki na nani anauzwa; hata kama hakupendelewa kwa lolote, utaratibu mzuri haupaswi kumweka mzazi mahali hapo. Zaidi ya hayo, baada ya kuondoka kwake Milan iliwasajili Christian Pulisic na Tijjani Reijnders, na wote wawili walifanikiwa. Kazi ya kutafuta wachezaji, basi, haimhitaji lazima mtu aliyewahi kubeba kombe na klabu hiyo.

Wengine husema tatizo la magwiji ni kukosa elimu ya utawala. Bayern inaikanusha hoja hiyo kwa pande zote mbili. Uli Hoeneß alikuwa meneja mkuu mwaka 1979 akiwa na umri wa miaka 27, baada ya jeraha la goti kumkatisha soka, bila shahada ya biashara, katika klabu iliyokuwa na madeni. Miaka 5 baadaye mauzo ya Karl-Heinz Rummenigge kwenda Inter yaliisaidia klabu kuyafuta, na Rummenigge mwenyewe akaja kuwa mtendaji mkuu tangu 2002. Kahn, kinyume chake, alisomea biashara na kukaa kwenye bodi mwaka mmoja na nusu kabla ya kuipokea nafasi ya Rummenigge mwaka 2021, lakini hakumaliza hata miaka miwili. Hoeneß alikua pamoja na kazi yake kadiri klabu ilivyokuwa ikikua. Kahn alikabidhiwa kampuni kubwa ambayo waliomtangulia walikuwa bado wanaiangalia kwa karibu, na neno lao likisikika kuliko lake.

Hatari iliyo nzito zaidi ni gwiji kuwa mtu asiyeulizwa. Marc Overmars, winga wa zamani wa Ajax, alisifiwa kwa haki kama mkurugenzi wa soka wa klabu hiyo, ile iliyofika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa 2019, mpaka alipojiuzulu Februari 2022 ilipobainika kwamba kwa muda mrefu alikuwa akiwatumia wafanyakazi wenzake wa kike ujumbe usiofaa. Klabu inayoongozwa na watu waliowahi kuvaa jezi pamoja inahitaji bodi yenye ujasiri mara mbili, kwa maana wanawake wale walipaswa kuwa na mahali pa kupeleka malalamiko yao bila kuogopa jina la mtu.

Kwetu Tanzania tatizo limeegemea upande mwingine. Husemwa mcheza kwao hutunzwa, lakini mara nyingi mchezaji wa zamani wa Simba au Yanga hupewa heshima bila madaraka. Selemani Matola, nahodha wa zamani wa Simba, amekuwa msaidizi chini ya makocha wa kigeni wanaokuja na kuondoka. Charles Boniface Mkwasa, aliyefanywa katibu mkuu wa Yanga mwaka 2017 baada ya kuichezea na kuifundisha, ni mfano adimu wa kiti chenye maamuzi.

Milan yenyewe ilijaribu njia ya tatu. Desemba 2023 ilimrudisha Zlatan Ibrahimović, lakini kama mshauri wa RedBird, kampuni iliyoichukua klabu kutoka Elliott, nje ya ngazi za kawaida za ajira. Timu ilipomaliza ya 8 mwaka 2025 na kukosa mashindano ya Ulaya, mashabiki waliokuwa wakiandamana hawakuwa na njia ya kujua uamuzi upi ulikuwa wake. Klabu ikamchukua Igli Tare kuwa mkurugenzi wa michezo, mtu aliyejifunza kazi hiyo Lazio, klabu aliyoichezea, ambako aliachiwa miaka 14 ya kukosea, kusahihisha na kuwajibika kwa jina lake.