Kanuni za biashara ya kimataifa: nani kasema lazima zipite bungeni ndo zibane?

Kuna hoja inarudi kila watu wakianza kuongelea biashara ya kimataifa, kwamba Incoterms (vifupisho vya kwenye mikataba ya mauzo vinavyosema nani analipa usafiri na nani anabeba hatari ya mzigo), kanuni za barua za muamana, viwango vya bidhaa na vingine vya aina hiyo "si sheria", ni miongozo tu ya chama cha wafanyabiashara kule Paris (ICC, sio ile mahakama ya The Hague), hakuna bunge lililoipitisha kwa hiyo haimbani mtu. Anayesema hivyo mara nyingi ana nia nzuri kabisa, anataka sheria itoke kwa watu aliowachagua mwenyewe. Lakini mimi naona kanuni hizi zinaeleweka vibaya, na kutozielewa kunamgharimu mtu hela.

Njia ya bunge wengi mnaijua, nchi zinajadiliana, zinasaini, halafu kila moja inarudi nyumbani kuridhia, na kwa baadhi ya nchi hata kuridhia hakutoshi mpaka itungwe sheria ya ndani. Kuna mifano mizuri tu. Mkataba wa New York wa 1958 kuhusu tuzo za usuluhishi (maamuzi ya wasuluhishi nje ya mahakama) umeridhiwa na nchi zaidi ya 170, na ule wa Vienna wa 1980 kuhusu mauzo ya bidhaa, wenyewe wanauita CISG, ulianza kufanya kazi 1988 na leo una nchi zaidi ya 90. Ila Uingereza, pamoja na biashara yote inayopita London, mpaka leo haimo.

Sa angalia Rotterdam Rules, mkataba wa kubeba mizigo baharini. Umoja wa Mataifa uliupitisha Desemba 2008 baada ya miaka ya majadiliano, sherehe ya kusaini ikafanyika Septemba 2009, na ili uanze kufanya kazi unahitaji nchi 20 ziridhie. Nchi zilizosaini ni zaidi ya 20. Narudia hapo, waliosaini peke yao wangetosha kuuwasha, lakini walioridhia hata nusu ya idadi inayotakiwa hawafiki, zaidi ya miaka 15 imepita na mkataba umekaa tu. Nchi nyingi zimenyamaza basi, na wakati huo mizigo inaendelea kusafiri chini ya kanuni za 1924 kwa nchi hizi, marekebisho ya 1968 kwa nchi zile, na za Hamburg za 1978 kwa zingine, yani meli moja inaweza kubeba makontena mawili ambayo yakiharibika yanahukumiwa kwa sheria mbili tofauti.

Linganisha na UCP 600, kanuni za barua za muamana, zile LC ambazo benki ya mnunuzi inaahidi kumlipa muuzaji akileta nyaraka sahihi. ICC ilizipitisha 2006, tarehe 1 Julai 2007 zikaanza kutumika, na benki karibu dunia nzima zikahamia huko. Hakuna bunge lililopiga kura. Zinabana vipi? Jibu liko kwenye kifungu cha 1 cha kanuni zenyewe, zinatumika pale barua yenyewe inaposema wazi kwamba iko chini yake, na hapo zinawabana wahusika wote isipokuwa pale walipobadilisha kitu kwa maandishi. Hata ujumbe wa SWIFT (mtandao ambao benki zinatumiana ujumbe) unaofungua LC una sehemu maalum ya kujaza ni kanuni zipi zinatumika. Ukishajaza umekubali, na ulichokikubali kwenye mkataba mahakama inakisimamia. Nguvu ya kisheria ipo na imetoka serikalini, ila imepitia sheria ya mikataba ya kawaida ambayo kila nchi inayo tayari.

Na kuna wakati hata kutaja sio lazima, hili ndo linawashtua wengi. BP iliuza petroli kwa kampuni ya mafuta ya serikali ya Ecuador, PetroEcuador, kwa sharti la CFR (muuzaji analipa usafiri mpaka bandari ya mnunuzi), mzigo ukafika, ukapimwa, ikaonekana kiwango cha gamu (uchafu wa kunata ndani ya petroli) kimezidi, mnunuzi akakataa kupokea. BP ikaenda mahakamani Marekani. Mkataba ulisema sheria ni ya Ecuador, wala neno Incoterms halikuandikwa popote. Mahakama ya Rufaa ya Fifth Circuit mwaka 2003 ikasema hivi, Ecuador imeridhia CISG kwa hiyo ukiandika sheria ya Ecuador umeandika na CISG humo humo, na kifungu cha 9 cha CISG kinaingiza desturi zinazojulikana sana kwenye biashara ya kimataifa ya aina hiyo, na Incoterms ni desturi inayojulikana hivyo. CFR basi ikasomwa kama Incoterms zinavyoisoma, hatari ya mzigo inahamia kwa mnunuzi unapopakiwa melini, sio unapofika. Kesi ikarudishwa chini kuangalia kama BP ilijua tatizo na kulificha. Ukiifuatilia hiyo hukumu unaona njia mbili ambazo watu wanazigombanisha zinashikana mikono, mkataba wa nchi ndo umefungua mlango, na kanuni za wafanyabiashara zimeingia na kuamua nani anabeba hasara.

Wapo watakaosema sawa, ila huo mchezo ni wa wakubwa. Kuna ukweli, nitaufikia, lakini sio kila mara. Ulaya ilikuwa na kanuni ya 1989 kwamba samaki wa kopo anayeitwa sadini lazima awe wa spishi moja tu, inayovuliwa zaidi kwao, Peru yenye spishi yake ikawa haiwezi kutumia jina hilo. Kiwango cha Codex, chombo cha kimataifa cha viwango vya chakula, kiliruhusu jina litumike kwa spishi nyingine pia mradi zitofautishwe. Kiwango cha Codex ni cha hiari, hakibani mtu peke yake, ila makubaliano ya WTO (Shirika la Biashara Duniani) kuhusu vikwazo vya kiufundi, kifungu cha 2.4, yanataka nchi zitumie viwango vya kimataifa kama msingi wa kanuni zao labda kama havifai kwa lengo lao. Ulaya ikajitetea kwamba kiwango kile hakikupitishwa kwa maafikiano. Rufaa ya WTO ikasema maafikiano hayahitajiki, na 2002 Peru ikashinda. Karatasi ya hiari ikamsaidia mdogo dhidi ya soko kubwa kuliko lake mara nyingi.

Ukweli wenyewe sasa. Hoja yote ya ridhaa inasimama kama kuna ridhaa kweli. Mfanyabiashara mdogo anayepewa fomu ya benki hachagui UCP, anasaini au anakosa dili. Hapo bado nazitetea, kwa sababu kanuni moja inayojulikana inamlinda zaidi kuliko kila benki kumwandikia masharti yake, na sheria za lazima za nchi bado ziko juu, huwezi kutumia Incoterms kukwepa ushuru au vikwazo.

Ila Basel (kamati ya kimataifa ya kanuni za benki) na FATF (chombo cha kupambana na utakatishaji wa fedha) ni habari nyingine. Kamati ya Basel yenyewe inasema maamuzi yake hayana nguvu ya kisheria, na FATF, iliyoanzishwa na G7 mwaka 1989, inatoa "mapendekezo" 40. Lakini nchi ikiwekwa kwenye orodha ya kijivu ya FATF (ya nchi zenye mapungufu zinazofuatiliwa), benki za nje zinaanza kuuliza maswali kwa kila malipo, zingine zinakata uhusiano kabisa, na bunge la nchi hiyo linajikuta linapitisha sheria haraka kwa maneno yaliyoandikwa kwingine. Bunge limepitisha, ndio, taratibu zote zimefuatwa, ila ridhaa iko wapi? Hapo wanaolalamika wana haki, na ajabu ni kwamba hasira zao nyingi zinaelekezwa kwa Incoterms, ambazo unaweza kuzikataa kwa sentensi moja.

Kwangu hicho ndo kipimo, je unaweza kutoka bila kuadhibiwa? CISG kifungu cha 6 kinakuruhusu kuitoa yote, UCP hivyo hivyo. Ila iandike waziwazi, "mkataba huu hauongozwi na CISG". Kama kesi ya Ecuador ilivyoonyesha, kutaja tu sheria ya nchi fulani iliyoridhia hakutoshi, na ukitaka Incoterms weka na mwaka wake, maana za 2010 na za 2020 hazifanani kote, na kama hujaweka mtakuja kubishana mzigo ukiwa tayari umeharibika.